Kasuku Aliyesema Kura

Wiki iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu kwa fundi baiskeli, tairi lake la mbele lilikuwa limelala. Ndiyo, nina mjukuu, na meno yangu bado yamo yote kinywani. Nilianza mapema na sioni cha kuficha. Fundi akapiga msasa mpira, akapaka solusheni, akaipuliza ikauke. Ile harufu iliponifika puani nikasimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Mtoto ananivuta gauni, "Bibi, twende," na mimi sipo. Niko Mkuyuni, Mwanza, mbele ya nyumba yetu, nina miaka kumi, na Baba amekaa juu ya lile jiwe lake anafanya kazi hajui kama namtazama.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka ile miaka: mitumba imejaa, vitu vya dukani vimejaa, redio zinasema soko huria, soko huria, na mimi nimezunguka mji mzima kwa miguu nikilitafuta hilo soko nikidhani limejengwa karibu na stendi. Baiskeli mpya ziliingia kwa wingi na zikaharibika kwa wingi, kwa hiyo kwetu kulikuwa na watu kutwa nzima. Walikaa kwenye benchi wakisubiri pancha, wakazungumza habari za vyama vingi. Ulikuwa mwaka ambao watu walikuwa wanajifunza kubishana, na benchi la Baba ndilo lilikuwa darasa. Yeye hakuchangia neno. Akiulizwa yuko chama gani alisema, "Mimi sina chama, nina pampu."

Sasa lazima niwaambie jambo moja kuhusu nyumba yetu, la sivyo hamtaelewa kitu. Baba alikuwa Msukuma wa Magu. Kwake yeye hakuna herufi r duniani. Alisema habali, alisema kalibu, alisema mvua inanyesha balabalani. Mama alitoka upande wa Mara, na watu wa kwao l wameitupa yote ziwani. Alipika ugari, akanituma kwa barozi, na mimi mtoto wake Kabula akaniita Kabura. Sitaandika kila neno walivyolitamka, mtachoka. Wekeni wenyewe.

Wao walitaniana wakacheka wakalala. Aliyeumia ni mimi. Nilichukua l ya Baba na r ya Mama nikaziweka mahali ambapo hakuna aliyezihitaji. Siku moja mwalimu alinisimamisha nisome sentensi ubaoni: Rula yangu imelala mezani. Nikasoma kwa sauti yangu yote, "Lura yangu imerara mezani." Darasa lilicheka mpaka wa darasa la pili wakaja dirishani. Nilikaa chini, na tangu siku ile sikufungua tena mdomo darasani. Nikiulizwa jibu nilitazama vidole vya miguu. Mwalimu akachoka, akasema, "Huyu akiwa kwenye daftari anakariri kila kitu kama kasuku, ukimsimamisha ni bubu."

Mimi katika maneno yote hayo nilishika moja, kasuku. Niliuliza kasuku ni nini, nikaambiwa ni ndege anayeshika kila neno akilisikia mara moja. Nikajua nimesifiwa. Nilikwenda nyumbani nimeinua kichwa, nikamwambia Mama kwamba mwalimu amesema mimi ni kasuku. Mama akafurahi, akaniongezea mchuzi.

Kwa hiyo Mama Nasim alipokuja na kasuku wa kweli, mimi niliona ni ndugu yangu ameletwa.

Mama Nasim alikuwa mjane wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, na Mama alikuwa akimshonea mapazia. Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sote watatu, maana alizaliwa pale pale Mwanza. Alikuja Jumamosi moja amekumbatia kikapu chenye mfuniko. Binti yake aliyeko ng'ambo alikuwa amemwita akaishi naye, duka limeshapata mtu, vyombo vimeshagawanywa. Kilichobaki ni mle kikapuni.

Akafungua. Ndege wa kijivu, mdogo, mkia mwekundu kama umechovywa kwenye rangi. Alikuwa amesukuma kichwa chake kwenye kona ya kikapu, ametupa mgongo. Mama Nasim akamgeuza kwa kidole. Macho yake yalikuwa meusi tititi, macho ya mtoto. Akatutazama mara moja, akarudi kwenye kona.

"Nimeletewa kutoka Bukoba, hajamaliza hata mwaka," akasema. "Ana haya. Kwangu hajatoa hata neno moja. Nataka nyumba yenye watu. Mama Kabula, kaeni naye wiki mbili. Mkiona hafai, nitampa yule bwana mwenye baa kule chini, ananisumbua kila siku. Anataka kumtundika kaunta awachekeshe wateja."

Mimi baa ile niliipita kila siku nikienda shule. Walikuwa na tumbili pale mlangoni, amefungwa kamba kiunoni, na walevi walimpa bia na kumchoma na vijiti ili aruke. Tumbili yule hakuwa anaruka tena. Nilimtazama Baba.

Baba alikuwa anafuta mikono kwa tambara. Akasema, "Ndege asiyesema wa nini? Na ndege anayesema simtaki kabisa. Ndani ya nyumba kuna maneno. Ndugu zangu wakija kutoka Magu wakute ndege anaongea, watasema nafuga jini."

"Sasa akisema kosa, asiposema kosa," Mama akasema. "Huyo ndege afanyeje, Baba Kabura? Apige mruzi?"

"Wiki mbili," Baba akasema. "Baada ya hapo aende."

Tukamweka kwenye tenga la kuku, ndani, karibu na dirisha la barabarani. Nikajipa kazi. Niliwaza hivi, na kwa akili yangu ya miaka kumi hesabu ilikubali: ndege huyu hasemi kwa sababu kuna mahali alisema vibaya akachekwa. Akisikia Kiswahili kilichonyooka atasema, akisema Baba atamkubali, kisha mimi nitajifunza kwake nijue l inakaa wapi na r inakaa wapi. Faida pande zote. Basi kila jioni niliweka redio ya Baba mbele ya tenga wakati wa taarifa ya habari. Kasuku akaipa redio mgongo. Nilimsomea daftari langu kwa kunong'ona. Akanipa mgongo mimi. Nikampa karanga, mbegu za alizeti, pilipili mbuzi nyekundu ambayo aliitafuna kama pipi, lakini alisubiri kwanza niondoke ndipo ale. Alikula akiwa ameelekea ukutani, kama mkwe mgeni.

Kitu kimoja sikukihesabu. Kila ugali ukiiva Mama alisimama pale pale dirishani, kichwa kando ya tenga, akatuita sisi na fundi msaidizi na mteja yeyote mwenye njaa. Aliita kwa sauti ya mtu aliyekulia mlimani, sauti ya kuvuka bonde: "Njooni kuraaa!" Mara moja mchana, mara moja jioni, siku kumi na tatu.

Siku ya kumi na nne ikafika, Jumamosi. Mama Nasim alisema atakuja saa kumi kuchukua jibu. Ndege hajasema kitu. Asubuhi Baba alinikuta nimekaa chini ya tenga nalia kimya kimya, akasema, "Kabula, usijitese. Kuna ndege wa kusema na ndege wa kunyamaza. Huyu ni wa kunyamaza." Mimi nikasikia kama amesema habari zangu. Nikalia vizuri zaidi. Mama akachukua beseni akaenda sokoni, maana mtu anayeondoka, hata akiwa ndege, hupikiwa.

Kwenye benchi walikuwepo watu watano. Katikati yao alikaa balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mnene mwenye kofia, amekuja na baiskeli yake tairi limelala. Mwaka ule balozi alikuwa hana raha. Kwa miaka yote alikuwa na chama kimoja cha kuangalia, ghafla viko vingi, na kila akisikia watu wanacheka alidhani kuna mkutano usio na kibali. Baba alikuwa anapaka solusheni kwenye mpira wake. Watu wote kimya, wanamheshimu.

Ndipo ikatoka dirishani, kubwa, ya mwanamke, ya kuvuka bonde:

"Njooni kuraaa!"

Balozi akainua kichwa. Vijana wawili waliokuwa wanapita barabarani wakajibu, "Tutapiga!" wakacheka, wakaenda zao.

"Njooni kuraaa! Kura! Kura!"

"Fundi," Balozi akasema polepole, "mkeo anapiga kampeni?"

Baba akafungua mdomo ajibu, na wakati huo huo sote tukamwona Mama. Alikuwa anakuja kutoka upande wa sokoni, beseni kichwani, mkono kiunoni, mdomo umefungwa. Na dirishani nyumbani kwake Mama huyo huyo anaita watu.

Sijawahi kuona benchi likitulia vile. Mtu mmoja aliondoka bila baiskeli yake. Balozi aliutazama mdomo wa Mama, akalitazama dirisha, kofia yake akaishika kwa mikono miwili. Baba, ambaye maisha yake yote alikimbia mambo mawili, uchawi na siasa, yamemkuta yote kwa pamoja saa sita mchana, ana mpira wa balozi mkononi. Alikauka.

Mimi nilijua. Nilikimbia ndani, nikalinyanyua tenga, nikalitoa nje nikaliweka miguuni kwa Balozi.

"Shikamoo Balozi. Ni huyu."

"Marahaba. Ndege?"

"Ndege."

Balozi akainama. "Nani amemfundisha ndege huyu siasa?"

Baba bado ameukamata ule mpira. Mama bado hajafika. Na mimi ambaye sijasema neno mbele ya watu tangu ile siku ya rula, nikaona kama sitasema, ndege huyu saa kumi anakwenda kukaa na tumbili.

"Hasemi kura," nikasema. "Anasema kura."

"Ndicho nilichosikia."

"Hapana, Balozi. Siyo kura. Ni kura."

"Mtoto, unanichezea?"

Nilikaza ulimi, nikausukuma juu, nikausukuma chini. Nilikuwa nalitafuta lile neno kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani, na kila nikipapasa naokota lile lile. Mwisho nikapaza sauti, "Siyo kura ya kupiga! Ni kura ya ugari!"

Benchi likapasuka. Mmoja akaanguka kabisa akabaki chini anapiga ardhi. Mwingine, machozi yanamtoka, akasema, "Kura ya ugali! Hicho chama nakijua, mimi ni mwanachama wa siku nyingi!" Hata fundi msaidizi, kijana ambaye sikuwahi kuona meno yake, siku ile niliyaona.

Masikio yangu yalikuwa moto. Nikainama kwenye tenga nimfiche ndege, maana nilijua sasa ataingiza kichwa kwenye kona na hatakitoa tena mpaka afe. Benchi zima linamcheka kwa mkupuo.

Kasuku akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu akatupa uso. Akajitikisa manyoya yote mpaka akawa mnene kama kuku wa mayai, akaupepea ule mkia mwekundu, akawatazama watu wa kwenye benchi mmoja mmoja. Kisha akarudia, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, "Njooni kuraaa!"

Walipocheka akarudia tena. Alikuwa anafurahi, jamani. Alidhani wanamshangilia.

Mama akafika, akatua beseni. "Kuna nini hapa? Nani kaniita?"

"Umejiita mwenyewe," Baba akasema, sauti imerudi.

Ikabidi Mama amweleze Balozi, na alivyoeleza alisema kura mara nane, kila mara akimaanisha kula. Balozi akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki, na isitoshe alikuwa Msukuma kama Baba. Akavaa kofia yake vizuri, akamnyooshea kasuku kidole, akatoa hukumu.

"Sawa. Lakini mwambieni huyo ndege asipige kelele balabalani. Sheria inasema kula ni sili."

Alikuwa na maana kura ni siri. Alikuwa amelitamka kama Baba. Kwamba kula ni siri.

Baba alijitahidi. Niliona shingo yake inavimba. Akatazama mpira, akatazama ziwani kule chini, akatazama miguu yake. Halafu akaachia kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, akaegemea jiwe akashika mbavu, na Balozi mwenyewe baada ya muda akajua alichosema akaanza kutetemeka tumbo. Walicheka mpaka solusheni ikakauka ikabidi ipakwe upya.

Saa kumi Mama Nasim akaja, amevaa viatu vya safari tayari. Mama alikuwa ameshaandaa, akamkalisha, akamwekea samaki sato na ugali. Mimi nilisimama mlangoni. Hakuna aliyekuwa amesema lolote kuhusu jibu. Kucheka si kukubali, nilikuwa mkubwa wa kutosha kulijua hilo.

"Haya, Baba Kabula," Mama Nasim akasema. "Mmeamua nini? Yule bwana wa baa amenisimamisha tena njiani."

Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe, mgongo kwetu. Mbele yake kulikuwa na rundo la spoku za zamani, zile zilizopinda ambazo huwa hazitupi. Alikuwa anachukua moja, anaiweka juu ya chuma, anaigonga kwa nyundo ndogo mpaka inyooke, anaiweka kando. Ringi mbili za magurudumu ameshazilaza chini, moja ya kuwa sakafu, moja ya kuwa paa.

"Bado sijaamua," akasema bila kugeuka. "Natengeneza kizimba tu."

Mama Nasim akamtazama Mama. Mama akamwonyesha sahani kwa macho, kwamba ale. Nami nikatoka nje nikakaa karibu na Baba nikaanza kumpa spoku moja moja, na hakunifukuza.

Mama Nasim alipoambiwa kwamba ndege alisema, alisimama mbele ya tenga muda mrefu. "Kwangu hakusema," akasema. "Basi. Kwangu hakukuwa na wa kumwita." Akambembeleza aseme hata mara moja. Wapi, mgongo. Akachukua mkoba wake, akatuaga, akafika barabarani.

"Njooni kuraaa!"

Alisimama. Alitoa leso. Kisha akasema kwa sauti, akimwelekea ndege na si sisi, "Nimeshiba, mwanangu. Nimeshiba."

Ndege tukamwita Siri, kwa heshima ya Balozi. Baba alimwita Sili mpaka siku alipofariki, na hakuna kiumbe aliyewahi kubeba jina lisilomfaa kama yule. Nyumbani kwetu mtu akikamatwa anakula nyama jikoni peke yake husema tu, kula ni sili, na anasamehewa.

Jumatatu ile nilinyoosha mkono darasani. Mwalimu alishangaa, akanipa sentensi ya rula, nadhani kwa ukorofi. Nikasimama, nikasoma, "Lura yangu imerara mezani." Wakacheka. Nikajitikisa kidogo, nikawatazama mmoja mmoja, nikairudia kwa sauti kubwa zaidi. Mara ya tatu hawakucheka wengi. Darasa la saba sikuchaguliwa kwenda sekondari, na kwamba kukariri kama kasuku ni kashfa nilikuja kujua nikiwa na watoto wawili. Nililipokea kama habari za mtu mwingine.

Ninaishi Kiseke sasa. Kizimba cha spoku kimetundikwa barazani karibu na jiko, kina kutu hapa na pale, na aliyemo bado yumo. Wale ndege wanaishi kuliko subira ya mtu. Macho yake yamekuwa ya njano, haya zimemwisha kabisa. Mjukuu wangu, ambaye chekechea wamemjaza Kiswahili sanifu mpaka shingoni, humsimamia akamrekebisha, "Kula, Siri. Sema ku-la." Siri humpa mgongo.

Mama yangu ninaye pia. Amezeeka, sauti imekwisha, mchana kutwa anakaa kwenye kiti chake uani anaota jua. Chakula kikiwa tayari mimi humwita, watoto humwita, anajifanya hasikii, hana njaa, tumwache. Basi tunasubiri. Kasuku anajitikisa, na barazani inatoka sauti ya mwanamke wa miaka thelathini, ya kuvuka bonde, haijapungua hata kidogo: "Njooni kuraaa!"

"Nakuja," Mama anajibu, anaitafuta fimbo yake. Na anakuja.